Sauti Yako kwa Kipimo Changu

Siku ambayo seremala alikuja kuvalishwa vifaa vyake vya masikio, Kitinda alifika kazini amepaka wanja.

Mpokezi wa kliniki, mama mwenye umbo la haja na jicho lisilopitwa na kitu, alimtazama akipita mbele ya meza yake, akaweka kalamu chini.

"Leo tunatembelewa na mkubwa gani?"

"Hakuna mkubwa. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Maana wanja huo hukuipakia kompyuta."

Kitinda alicheka, akaongeza mwendo. Hilo la Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, kwa sababu alikuwa kitinda mimba wa mama yake. Mpokezi alikuwa jirani yao, na ndiye aliyelileta kazini likaganda. Kazi yenyewe ilikuwa kupima masikio ya watu na kuwatengenezea vifaa vya kuwasaidia kusikia. Zamani vifaa hivyo vilikuwa kama viatu vya msaada: unapewa vilivyopo, vikikubana shauri yako. Siku hizi kila mtu na chake. Kitinda alikuwa akishika kifimbo chembamba chenye taa mlangoni mwa sikio, na kwenye kioo cha kompyuta sikio lote linatokea, ndani na nje, likizunguka polepole kama kitu kilichookotwa chini ya bahari. Picha hiyo ikitumwa kwenye mashine, mashine inajenga ganda laini, tabaka juu ya tabaka, la kukaa kwenye sikio lile na si lingine.

"Hii kona hapa," alikuwa amemwambia seremala wiki chache nyuma, akimwonyesha kwa kidole, "ni yako peke yako. Hakuna mwingine mwenye nayo."

"Hata ndugu yangu?"

"Hata sikio lako la kushoto halina."

Seremala alicheka kicheko cha chini, kicheko cha mtu asiyejua kinasikika vipi. Kitinda alikwenda nacho nyumbani siku hiyo, akalala nacho, akaamka nacho. Ndiyo asili ya wanja.

Sasa seremala alikuwa ameketi mbele yake tena, mikono mikubwa juu ya magoti, unga wa mbao ukiwa umebaki kwenye nyusi. Karakanani walimwita Randa, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Homa kali ya utotoni ilimchukulia sauti zote nyembamba: ndege, kengele, herufi zinazopigwa kwa ncha ya ulimi, sauti za watoto na za wanawake. Zilizobaki ni ngurumo. Aliishi kwa kusoma midomo.

"Naviwasha," Kitinda alimwambia, akimtazama usoni, akitamka kila neno kama alivyozoea kumsemesha. "Usishtuke."

Akabonyeza. Akainama kuangalia mistari kwenye kioo, na kwa sababu mawazo yalikuwa kwenye mistari, akajisemea, "Haya, tuone."

Randa akainua kichwa ghafla.

"Ni wewe?"

"Nini?"

"Hiyo sauti. Ni yako?"

"Ni yangu," alisema Kitinda, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaona haya kwa kuwa na sauti.

Macho ya Randa yalikuwa yamefunguka kama ya mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake mwenyewe asichowahi kukijua.

"Nilikuwa nimeikisia vingine," alisema hatimaye. "Nilidhani ni ya kukata moja kwa moja, kama msumeno. Kumbe ina maranda."

"Maranda?"

"Yale yanayotoka ukipitisha randa kwenye mbao nzuri. Yanajikunja yenyewe, hayataki kukatika." Akamgeuzia sikio. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Nisomee hata huo ukuta."

Ukutani palikuwa na tangazo moja tu. Kitinda akalisoma. "Tafadhali usiegemee mlango. Wagonjwa wanaitwa kwa zamu. Zima simu yako." Akalisoma lote mpaka chini, na Randa akasikiliza amefumba macho, kama mtu anayeimbiwa.

Kitinda akajitia ukali wa kazi. Akamweleza kuhusu programu aliyomwekea kwenye simu. Itampa sauti mbili, kisha itamuuliza anapenda ipi, hii au hii. Atachagua, nayo itajifunza. Karakanani itampunguzia makelele ya misumeno na kumwachia maneno ya watu. Barabarani itamwachia honi. Nyumbani itamwachia vyote.

"Baada ya muda itakujua," alisema.

"Kuliko unavyonijua wewe?"

"Mambo ya masikio, ndiyo." Akapepesa macho. "Kitu kikikusumbua niandikie. Nitakirekebisha nikiwa hapa hapa."

Akaandika siku hiyo hiyo. Kijiko kikigusa kikombe, alisema, kinamchoma. Kitinda akapunguza. Kesho yake akaandika: *Nimegundua mlango wa chumba changu unalia. Tumeishi pamoja miaka yote hii sikujua kama ana shida. Usimpunguze, nitamtia mafuta mwenyewe.* Kitinda akacheka peke yake, mgonjwa aliyekuwa mbele yake akadhani anachekwa, ikabidi aombwe radhi.

Halafu siku moja ya mawingu: *Mvua imepiga kwenye bati la karakana. Tumezima mashine zote, nimekaa naisikiliza kama mwendawazimu, wenzangu wananicheka. Ipunguze kidogo.* Kitinda hajagusa kitu, ukaingia ujumbe mwingine: *Hapana. Iache.*

Hiyo "iache" aliisoma shavu likiwa kiganjani, mvua ile ile ikiteremka kwenye dirisha la chumba chake cha kazi. Wazo kwamba wote wawili wanasikia kitu kimoja kwa wakati mmoja lilimzunguka taratibu, akalegea kama mtu aliyeketi kwenye jua la asubuhi. Chai ikapoa. Mgonjwa aliyefuata akabisha hodi mara mbili.

Kuna mti fulani Randa alikuwa ameutaja, na Kitinda, ili asionekane hajui, akautafuta kwenye simu yake. Basi simu ikajifanyia mambo yake. Ikaanza kumletea matangazo ya viti. Baadaye meza. Baadaye vitanda vya mbao, kisha vitanda vya watu wawili, kisha, mchana mmoja wa saa ya chakula, mbele ya mpokezi, kitanda cha mtoto mchanga chenye nguzo zilizochongwa.

"Heee!" Mpokezi akapiga makofi. "Mwenzangu, simu imekutangulia!"

"Ni hesabu za kompyuta tu. Inaangalia ulichotafuta, inakukisia."

"Basi hesabu hizo zina akili kuliko wewe. Zimejua, wewe unazunguka zunguka tu."

Kitinda akaizima simu, lakini moyo haukuzimika. Na hapo ndipo hofu ilipoingia. Aliijua kazi yake vizuri mno. Alijua kwamba kitu kikikatwa kwa kipimo cha mtu, mtu huyo hukipenda hata bila kujua sababu. Ni yeye aliyeinua sauti zile nyembamba kwenye masikio ya Randa. Ni yeye aliyekuwa mbele yake zilipofunguka. Je, mwanamume huyu alikuwa anamwandikia Kitinda, au alikuwa anakiandikia kitu ambacho Kitinda alikitengeneza kwenye kompyuta kikamtosha sawasawa? Isitoshe, kazini haikuruhusiwa kumhudumia mtu unayemwota.

Akamkabidhi Randa kwa mtaalamu mwenzake, kijana mpole wa miwani. Hakumuaga.

Ujumbe ukakoma. Simu ikaendelea kuleta vitanda, lakini chumba cha kazi kikawa kimya kwa namna ambayo hakuna kifaa cha kuipima. Kitinda akavumilia, akavumilia, mpaka adhuhuri moja mpokezi akamwekea mkoba wake mezani.

"Nenda."

"Wapi?"

"Mimi nitajuaje? Muulize aliyekupaka huzuni usoni."

Karakana ilikuwa na mlango mpana, na ndani hewa yote ilikuwa ya dhahabu kwa unga wa mbao ulioelea kwenye mwanga. Randa alikuwa ameinama juu ya fremu ya dirisha, akipiga msasa. Kitinda hakuita. Alisimama tu, na Randa akainua kichwa kama mtu aliyeguswa begani. Akaweka msasa chini, akamwongoza mpaka nyuma, kwenye stoo ya kukaushia mbao, ambako kelele za mashine zilifika zimechoka.

"Umenigawa," alisema.

"Sijakugawa. Nimekukabidhi kwa mtu anayejua kazi."

"Nimemwandikia kwamba mlango wa gari ukifungwa unanipasua kichwa. Unajua amenijibu nini? 'Imerekebishwa. Asante kwa kutumia huduma yetu.'"

Kitinda akajizuia asicheke, akashindwa, akacheka, kisha macho yakamjaa. Randa akamkaribia hatua moja.

"Nimekukosea nini?"

"Hujakosa. Ni utaratibu tu. Siruhusiwi kumhudumia mtu ambaye..." Akakwama.

"Ambaye nini?"

"Siku hizi unasikia vizuri sana. Usijifanye."

"Nasikia. Ndiyo maana nataka kulisikia hilo."

Kitinda akageukia mbao zilizopangwa ukutani, akapitisha kidole kwenye moja, juu chini, juu chini.

"Unajua nilichokufanyia, Randa? Nilikupima, nikaona ulichopoteza, nikakurudishia hicho hicho. Sauti yangu imo humo humo. Nimejiweka masikioni mwako kama fundi anayejishonea mfuko kwenye koti la mteja. Siku ile angekuwa amekaa mtu yeyote pale, angekuwa mtamu. Hata mpokezi wetu angekuwa mtamu." Sauti ikatetemeka. "Wewe unapenda kifaa. Kimekushonea dunia inayokutosha, mimi nimo ndani yake kwa bahati tu."

Randa alipeleka mkono kwenye sikio la kulia, akachomoa kifaa. Akapeleka kwenye la kushoto, akachomoa. Akauchukua mkono wa Kitinda, akaufungua, akaviweka vyote viwili kiganjani mwake, bado vina joto la mwili wake, akamfunga vidole.

"Sasa sikusikii," alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, sauti ya mtu anayesema bila kujisikia. "Basi nitasema mimi. Siku ya kwanza nilipokuja kwako sikuwa na hivi. Niliingia chumbani kwako, pazia limefungwa, uso wako uko gizani. Watu wote huwa hivyo, hawafikirii. Wewe uliinuka ukalifungua pazia, mwanga ukakupiga mdomoni. Hukuniambia kwa nini. Ukaniuliza nafanya kazi gani, nikakujibu naishi na dada yangu."

Kitinda akatabasamu ndani ya machozi. Alikumbuka.

"Nilijua nimeharibu. Nikangoja useme lile neno. Unalijua? 'Achana nayo.' Mimi nimekua nikiambiwa achana nayo. Mezani watu wanacheka, nauliza mmesema nini, naambiwa si kitu, achana nayo. Vichekesho vyote vya kwetu sijui hata kimoja. Wewe ukaniuliza tena, taratibu, kama una mchana wote. Halafu ukaniuliza kama na dada yangu hajambo." Akashusha pumzi. "Nilitoka pale nimekwisha. Nilikupenda kabla sijakusikia, Kitinda. Sauti ni vanishi. Mbao nilikuwa nimeshaichagua."

Nje mashine moja ikazimwa, kisha nyingine. Pengine ilikuwa saa ya chai. Ukimya ukateremka ndani ya stoo pamoja na vumbi la dhahabu. Kitinda akamtazama mwanamume huyo mwenye unga kwenye nyusi, aliyesimama mbele yake bila chombo chochote, anangoja. Akamkaribia mpaka mwanga wa dirisha dogo ukampata usoni. Akasema neno bila kulitolea sauti, kwa midomo peke yake.

Randa akaangalia midomo ile kama anavyoangalia mstari kabla ya kukata.

"Rudia," alinong'ona.

Akarudia.

"Ndilo," alisema Randa, na paji la uso wake likaja kupumzika kwenye paji la Kitinda. "Nilihofia nimesoma vibaya."

Walikaa hivyo muda ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kuueleza. Harufu ya mbao mbichi iliwazunguka, na Kitinda alihisi kwamba amesimama ndani ya mti ulio hai bado, unaokua. Kisha akakumbuka, akafumbua macho, akamrudishia vifaa vyake sikio baada ya sikio, kwa mikono yake.

"Kuna mama yangu," alisema.

Mama yake alikuwa amefanya kazi ya kupokea simu katika hoteli kubwa mpaka alipostaafu. Sauti yake ilikuwa imenyooka, na alijua thamani ya kusikika. Kitinda alipomwambia, walikuwa jikoni wanamenya viazi. Kisu cha mama kikasimama.

"Mmoja wa watu wako wa masikio?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana, mwanangu."

"Hata hujamwona."

"Nimemwona. Nimeishi naye." Mama akaweka kisu chini. "Baba yako alianza kupoteza masikio wewe ukiwa tumboni. Wewe ulimjua akiwa mzee mkimya, ukampenda hivyo hivyo. Mimi nilimjua akiwa anaongea mpaka chakula kinapoa. Unajua nililala nimechoka nini kila siku? Koo. Chai ni kelele. Pole ni kelele. Hata nakupenda nilimwambia kwa kelele, majirani wakasikia, wakanicheka. Neno likipigiwa kelele linageuka, hata likiwa tamu vipi. Linakuwa amri."

"Baba hakuwa na vifaa kama hivi."

"Alikuwa navyo. Vikampigia miluzi, akavitupa kwenye droo."

"Vile vilikuwa vya kila mtu, mama. Hivi ni vya kwake. Vinamjua."

"Vinamjua," mama alirudia, na hapakuwa na dhihaka sautini, uchovu tu. "Mimi nilikuwa namjua baba yako kuliko kitu chochote kinachowashwa kwa kidole, na haikusaidia." Akachukua kiazi kingine. Akakimenya chote kabla ya kusema tena. "Mlete. Lakini usimwambie nitamuuliza nini."

"Utamuuliza nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nasema usimwambie."

Randa alikuja Jumapili alasiri, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mara tu walipoingia sebuleni Kitinda akaona mama yake alivyojipanga. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mgongo kwenye mwanga, uso kivulini, mezani kwake birika na vikombe. Kitinda akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu bila kugeuka, ameinamia vikombe, kwa sauti ya chini kama anasemesha sukari. "Karibu. Usivue viatu."

Randa alikuwa tayari ameinama. Akasita.

"Asante, mama, lakini nitavua. Vina gundi."

Mkono wa mama ukatulia kidogo juu ya birika. Akamwonyesha kiti cha upande wa pili wa chumba, mbali. Randa akaketi. Kitinda akakaa katikati.

Maswali yakaanza, na kila swali lilikuwa la sauti ya chini kuliko lile lililotangulia. Kazi inaendaje? Inaenda, mama, watu hawaachi kujenga. Wazazi wazima? Mama yupo, baba alitangulia. Mama akakoroga chai kwa nguvu, kijiko kikigonga kikombe, na hapo hapo katikati ya kelele akauliza anakaa na nani.

"Mama!" alisema Kitinda.

"Nini? Nazungumza na mgeni."

"Mwache," Randa akasema, meno yakionekana. "Hata wewe ulinipima, tena kwa pesa yangu. Nakaa na dada yangu, mama, na watoto wake. Nao nimeanza kuwasikia. Nilikuwa nadhani ni wapole."

Kona ya mdomo wa mama ikasogea. Kitinda aliiona, akathubutu kupumua. Feni ya juu ilizunguka taratibu, pazia likavimba na kunywea, na alasiri ikawa ndefu na laini kiasi kwamba kwa muda alisahau kwamba kuna kinachoamuliwa. Aliwaza nyumba. Sebule kama hii, mtu huyu akiwa pembeni yake, wakisemezana mambo madogo madogo yasiyo na haraka mpaka giza liingie.

"Endelea tu, mama," Randa alisema. "Bado nipo."

Mama akaacha kijiko. Akageuza uso kabisa, akautazama uwanja nje ya dirisha. Aliposema, maneno yalitoka kama pumzi kwenye kioo. Kitinda, aliyekuwa karibu naye, aliyasikia. Hayakuwa swali. Yakamgusa mahali ambapo hakujua kama pana kidonda.

Gari likapita barabarani, likaondoka na kelele zake.

Kitinda akamtazama Randa, akaona. Randa hakusikia kitu. Masikio yake yote, picha zote za kuzunguka, tabaka zote, hesabu zote zilizojifunza tabia zake, zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wao hapo, kwenye mnong'ono wa mwanamke mmoja dirishani. Na ilikuwa rahisi mno kuvuka. "Ndiyo, mama" ingetosha. Kutikisa kichwa kungetosha. Midomo ya Kitinda ilitaka kumpa maneno yale kimya kimya, kama kule stoo. Akaibana kwa meno.

"Hilo halikunifikia, mama," alisema Randa.

Akainuka. Akakibeba kiti chake kwa mkono mmoja, akavuka chumba, akakiweka kando ya kiti cha mama yake Kitinda, ubavu kwa ubavu, wote wakielekea uwanjani. Akaketi.

"Naomba ulirudie."

Mama alimtazama muda mrefu.

"Si ungetikisa kichwa tu?"

"Ningetikisa, ningekuwa nimekubali nini?"

Kitu kikalegea usoni mwa mama, kitu ambacho Kitinda hakuwahi kukiona kimelegea.

"Baba yake alikuwa anatikisa," alisema. "Miaka yote ile. Namwambia naumwa, anatikisa. Namwambia mtoto kafaulu, anatikisa, anatabasamu. Nikawa sijui lipi limeingia, lipi limepita. Aliona aibu kuniuliza, nikaona aibu kumwuliza kama amesikia. Mwisho nikaacha kumwambia." Akafuta jicho kwa kiganja, haraka, kama anafukuza nzi. "Watu walidhani nimechoka kupiga kelele. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Kumbe nilichoka kujibiwa na kichwa."

Kitinda akaweka mkono begani kwa mama yake. Alikuwa ameishi nyumba hii maisha yake yote, akaenda kusomea masikio kwa ajili ya mtu mmoja, na hilo hakuwahi kulisikia.

Mama akavuta pumzi. Hakupaza sauti hata kidogo. Aligeuza uso tu, mwanga ukamwangukia.

"Nilisema hivi: usimwache mwanangu akaongea peke yake."

Randa hakutikisa kichwa. Alikaa na maneno yale kwanza, akayaacha yafike yanakofika.

"Nimesikia, mama," alisema. "Sitamwacha."

Chai ilikuwa inapoa. Mama akammiminia kikombe, akamsogezea, akakitazama kile kifaa kidogo kilichojificha sikioni mwake, chenye kona ambayo si ya mtu mwingine.

"Na hivyo vidude vyako," aliuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu wa nyumbani, "vikiisha chaji siku moja mko wawili tu?"

"Nitasogeza kiti."

Mama aliinuka kidogo, akakivuta chake karibu zaidi.